Kaseti ya Mbuzi Watatu

Sehemu ya Saba

Msomaji, wiki jana tulikuacha sebuleni kwetu Kitengela. Watu watano walikuwa wameshika vikombe vya chai bila kunywa, macho yote kwenye runinga, wakingoja kumwona baba yangu, Mzee Ndung'u, akiingiza mbuzi watatu wa ntheo nyumbani kwa kina Mama Jumamosi moja ya mwaka wa 1997.

Nikabonyeza kitufe.

Akatokea ng'ombe.

“Hiyo ni mbuzi gani?” aliuliza Mjomba Mutunga.

Fahali mwekundu, mwenye nundu kubwa kuliko mkoba wa mwalimu mkuu wetu, alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliomvamia nyumbani kwake. Nyuma yake mzee wa Kimaasai akainua rungu na kuanza kubariki kundi zima.

“Ndung'u,” alisema Mjomba, akiweka kikombe chini taratibu, “ulioa dada yangu ama ulinunua ng'ombe?”

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, habari ni hii. Jumamosi Kiema, kijana mpole kutoka mtaa wa pili, anawaleta wazee wake na mbuzi wa ntheo ili apewe dada yangu Nyawira. Kiema ni Mkamba, kama Mama, na kwa Wakamba, bila ntheo hakuna ndoa, hata kama mmefunga pingu za maisha katika makanisa matatu. Lakini Mjomba Mutunga, kaka mkubwa wa Mama, amekaa kizingitini na kukataa kusonga. Anasema mwanamume ambaye hakupeleka mbuzi wa mama hawezi kupokea mbuzi wa binti, na kwamba mbuzi wa Mama hawakuliwa kamwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakuonja hata supu.

Wazee walioshuhudia wote wametangulia mbele ya haki. Mama hawezi kushuhudia, kwa kuwa siku hiyo bibi harusi hufungiwa ndani. Baba naye ni mshtakiwa. Shahidi pekee aliyebaki hai ni kaseti moja ya video, na aliyekabidhiwa shahidi huyo ni mimi, Syokau wa Ndung'u, kidato cha tatu, mwenye kona yangu ndani ya duka la Baba la vifaa vya ujenzi, kati ya misumari na rangi, chini ya kibao nilichoandika kwa mkono wangu: TUNAHAMISHA KUMBUKUMBU. KASETI, SLAIDI, PICHA NA NEGATIVU. USITUPE, LETA.

Sasa naomba utulivu, kwa maana nakiri kosa.

Jumatatu nilibandua karatasi za majina kwenye kaseti mbili, ya ntheo ya wazazi wangu na ya ng'ombe wa mteja wangu Parsaoti, na kuzibadilisha. Lilikuwa jambo la mzaha. Nyawira amekuwa akilia kwa mahaba tangu Pasaka, nami nilitaka aketi na leso yake, angoje mapenzi ya wazazi wetu, kisha akutane na fahali. Ulikuwa mzaha wa kiwango cha bweni, safi, usio na damu. Nilipanga kucheka dakika mbili na kurudisha majina mahali pake. Halafu Mama akanituma sokoni, nikasahau. Haya yote niliwaeleza pale pale sebuleni, nikilitazama zulia.

“Syokau,” alisema Nyawira, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye mbele ya mwalimu wa nidhamu. “Ile ingine. Ile imeandikwa PARSAOTI 1991.”

“Iko wapi?”

“Jana ulikuwa umeenda kukunywa soda. Mwenyewe alikuja. Akasema amechoka kungoja, mama yake anataka kuiona, na wako na deki yao ya kaseti. Nikampea.”

Baba akainuka haraka, akamzima fahali.

“Si tuachane na hiyo tepu?” alisema Baba, akikohoa. “Mimi nakumbuka hiyo siku vizuri. Niliingia na lango, nikashika kamba na mkono wa kulia…”

“Kila Krismasi unasema wa kushoto,” alisema Mama, bila kuinua macho kwenye njegere alizokuwa akimenya.

Mjomba akasimama. Ni mtu mfupi, lakini anajua kusimama.

“Leo ni Alhamisi. Nikose kuona hiyo mbuzi kwa macho yangu kabla jua liingie, napigia wazee simu. Jumamosi mtakula ndengu peke yenu.”

Nyawira hakulia. Hilo ndilo lililonichoma. Huyu ndiye dada aliyeshona jina langu kwenye kila soksi niliyopeleka shuleni, soksi kumi na mbili, akijidunga vidole na kucheka. Angelia ningevumilia. Alikunja tu kile kitenge cha Jumamosi, akakirudisha kwenye mfuko wake.

“Naenda kuileta,” nikasema.

“Tunaenda,” akasema Mjomba, akitoa funguo za Probox yake. “Wewe umeshabadilisha tepu mara moja. Hutabadilisha ya pili nikiwa hai.”

Nikapakia deki yangu, laptopu, waya zote na kile kikebe changu cha pamba na spiriti. Tukaondoka kwenda kwa Parsaoti, Kona Baridi.

Tulipita Tuala vumbi likituimbia madirishani, tukatokea Rongai, tukaiacha shule ya Laiser Hill kando, na Kiserian tukaanza kupanda. Mjomba aliendesha kama mtu anayefukuzwa na wakwe.

“Anko, tafadhali, polepole.”

“Mwiitu, nakimbiza ukweli,” alisema, akiniita msichana kwa Kikamba.

“Ukweli hautoroki, Anko. Uko ndani ya plastiki.”

“Unajua kwa nini nimekasirika?” aliuliza, baada ya kona mbili. “Si nyama. Watu wanafikiria Mutunga anataka nyama. Mimi ndio nilibaki na mama yenu wakati baba yetu alikufa. Nilimlea. Sasa mtu anakuja anasema ameshamchukua, na mimi hata sikuitwa mezani.”

Nikamfungulia chupa ya maji, nikampa bila mzaha. Nakiri hilo pia, kwa kuwa ni jambo la nadra.

Kona Baridi inaitwa hivyo kwa haki. Upepo wa pale ulitaka kuninyang'anya sweta. Parsaoti, mteja wangu, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua hata pasipo na mvua, alitupokea langoni huku akicheka.

“Sopa!”

“Ipa,” nikaitikia salamu, kisha nikamwendea mama yake aliyekaa mlangoni kwenye kigoda na kumwinamishia kichwa. “Takwenya, kokoo.”

“Iko,” alisema bibi, akinigusa utosini. Kisha akasema maneno mengi kwa Kimaasai, akamwonyesha Mjomba kwa kidole, akacheka mpaka shanga zikalia.

“Anasema nini?” Mjomba akauliza.

“Nitakuambia baadaye,” alisema Parsaoti. “Mmekuja kwa sababu ya ile tepu? Mimi niliona kuna kitu si sawa. Mama alikuwa anangoja kuona mzee wetu marehemu na ile fahali yake. Badala yake tukaona watu hatuwajui wanakula mbuzi. Lakini walikuwa wanakula vizuri! Kuna mmoja ako na nywele kama kichaka, huyo alikula kama mtu ametoka jela.”

“Fahali wako yuko salama,” nilisema. “Yuko hapa mfukoni, kaseti na nakala yake kwenye flash. Naomba yangu.”

Parsaoti akaacha kucheka.

“Sasa, hapo ndio kuna shida kidogo. Deki yetu ilimeza.”

“Ilimeza vipi?”

“Ilimeza tepu, ikakataa kutapika. Nikafungua, nikavuta, nikaianika hapo kwa ua ninyooshe. Nilisikia kuanika ndio dawa.”

Tukageuka sote watatu.

Utepe mweusi ulikuwa umetandazwa juu ya ua kama nguo za Jumapili, unang'aa kwenye jua. Mwisho wa ua huo alisimama mbuzi mweupe mwenye ndevu za hekima. Alikuwa akitafuna.

Msomaji, nimesomeshwa na masista, nami najua dhambi kubwa ni ipi. Lakini sijawahi kuona mbuzi akila ushahidi wa mbuzi.

“Shika huyo!” alipiga kelele Mjomba.

Mbuzi aliruka. Mjomba akaruka. Parsaoti alipita kushoto, mimi nikapita kulia, na bibi akabaki kigodani akimshangilia mbuzi. Nilimshika pembe karibu na tangi la maji, nikamfungua mdomo kama daktari wa meno, na taratibu, sentimita baada ya sentimita, nikatoa historia ya ukoo wetu ikiwa na mate.

“Amekula ngapi?” Mjomba aliuliza akihema.

Nikapima kwa mkono. “Kutoka hapa mpaka kwenye kiwiko. Kama sekunde kumi na tano.”

“Ikiwa ni zile sekunde zenye mbuzi je?”

Nikaketi chini, nikafanya kazi.

Utepe niliufuta kwa pamba na spiriti, nikauzungusha ndani ya kaseti kwa kidole huku Parsaoti akiushika usijikunje. Palipotafunwa nilikata kwa makasi ya kucha, nikaunganisha ncha mbili kwa selotepu. Wataalamu wafumbe macho. Kisha nikaunganisha deki yangu na runinga ya Parsaoti na laptopu yangu, ili chochote kitakachoonekana kihifadhiwe papo hapo, maana sikuwa na hakika kama kaseti ile ingekubali kuzunguka mara ya pili.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Nyawira.

“Umeipata?”

“Nimeipata. Mbuzi alikuwa anaila, lakini tumeelewana.”

“Mbuzi gani? Syokau, usinifanyie hivyo leo. Niko loudspeaker. Tuko hapa na Mama, na Baba, na Kiema. Baba yake Kiema pia amefika, alikuja kupima pahali pa tenti.”

“Basi kaeni chini nyote. Naanza.”

Nikabonyeza kitufe kwa mara ya pili siku hiyo.

Kwanza ilikuwa chenga tupu. Kisha mistari. Kisha, kama mtu anayetoka ndani ya ukungu, ukatokea uwanja wa nyumbani kwa kina Mama kule Machakos, mvua imenyesha, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, na akina mama wakiimba.

“Naona uwanja!” nikatangaza kwenye simu. “Naona lango. Lango linafunguka. Mbuzi wanaingia! Mmoja! Wawili! Watatu!”

Kule Kitengela vigelegele vikapasuka kwenye simu mpaka mbuzi wa Parsaoti akaitika.

Picha ikaruka. Hapo ndipo palipokuwa na selotepu yangu. Iliporudi, beberu alikuwa ameshachinjwa, nyama iko mezani, na mbele kabisa, akiwa ameushika mguu wa mbuzi kwa mikono miwili, alisimama kijana mfupi mwenye nywele kama kichaka.

Bibi akanyoosha kidole kwenye runinga. Kisha akakinyoosha kwa Mjomba Mutunga. Akacheka tena mpaka shanga zikalia.

“Sasa ndio nakuambia alisema nini ukifika,” alisema Parsaoti. “Alisema, huyu ndio yule.”

“Huyo si mimi,” alisema Mjomba.

“Anko, hilo sikio moja limesimama na lingine limelala. Kwa ukoo wetu ni wewe peke yako.”

Mjomba alisogea karibu na runinga. Alijitazama. Kwenye runinga yule kijana aliangusha kipande cha nyama matopeni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakiokota.

Kitu kikalegea usoni mwa Mjomba. Akavua kofia.

“Niliitwa mezani,” alisema polepole. “Nilikuwa na homa ile wiki. Malaria. Sikumbuki chochote, watu wakaniambia nililala tu. Kumbe niliamka.” Akapangusa jicho kwa ukingo wa kofia. “Aiya. Kumbe nilimtoa dada yangu mimi mwenyewe.”

“Kwa hivyo Jumamosi iko?” ilikuja sauti ya Nyawira, ndogo, ikitetemeka.

Mjomba akaichukua simu mkononi mwangu. “Nyawira, mama. Jumamosi iko. Na mimi ndio nitakata nyama.”

Kule Kitengela waliimba. Parsaoti akaenda kuleta chai ya maziwa. Nami nikajipongeza kimyakimya, kwa kuwa mzaha wangu, ukiutazama kwa jicho la heri, ndio uliomfikisha Mjomba mezani kwa mara ya pili. Nilikuwa tayari ninaandika hotuba ya kukubali shukrani.

“Rudisha nyuma,” alisema Mjomba.

“Kwa nini, Anko? Tumeshaona.”

“Nataka kuona nikiokota ile nyama tena. Rudisha.”

Nikarudisha. Nilirudisha kupita kiasi, msomaji, na kosa hilo pia liandikwe kwenye jina langu. Mbuzi wakarudi langoni, wakaanza kuingia upya. Mmoja. Wawili. Watatu.

“Simamisha hapo.”

Nikasimamisha. Picha ikatetemeka, lakini ilionekana, na safari hii hatukuwa tukihesabu mbuzi tu. Mbuzi watatu, kamba tatu, mkono mmoja umezishika zote. Mkono wa kushoto.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa suti ya kahawia, akitabasamu kwa kamera, na katikati ya tabasamu lile palikuwa na pengo la meno mawili.

Baba yangu ni mfupi. Baba yangu ana meno yote, tena anayahesabu mbele ya wageni.

“Huyo ni nani?” aliuliza Parsaoti, akiwa na birika mkononi.

Nilimjua. Ningemjua hata gizani. Pengo lile limekula chapati nyumbani kwetu kila Jumapili tangu nizaliwe. Alikuwa rafiki mkubwa wa Baba, Mzee Masila.

Baba yake Kiema.

“Syokau?” Nyawira aliita kwenye simu. “Mbona mmenyamaza?”

“Nyawira,” nilisema, “hebu toa loudspeaker.”

“Iache!” Mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi pale ilipokuwa asubuhi. “Ndung'u! Uko hapo? Mbona Masila ndio ameshika kamba?”

Nikasikia kiti kikiburutwa. Nikasikia Baba akikohoa.

“Ilikuwa El Niño,” alisema Baba. “Mto ulijaa. Lori ilikwama matopeni, mimi nikabaki nayo. Masila akatangulia na mbuzi kwa pickup, aniwekee tu. Aniwekee!”

“Ni ukweli,” ikaja sauti nzito ya Mzee Masila. “Wazee wakaniambia mbuzi wa ntheo wakishafika langoni hawawezi kungoja nje. Nikashika kamba. Dakika tano tu.”

Mjomba alifumba macho. Alipoyafumbua alizungumza taratibu, kama hakimu anayehurumia lakini hana la kufanya.

“Mwenye kushika kamba ndiye mwenye mke. Hakuna kamba ya kuwekeana. Kwa desturi, dada yangu Judy ni mke wa Masila. Mke wa pili. Watoto wake ni watoto wa Masila.” Akanigeukia, kisha akaiinamia simu. “Kwa hivyo Jumamosi Kiema anataka kuoa dada yake.”

Kitu kilivunjika kule Kitengela. Nadhani ni kikombe. Nadhani alikiangusha Kiema.

“Anko, hapana,” nilisema. “Mimi ndiye niliyerudisha nyuma. Tufanye kama hatujaona.”

“Mwiitu, nimeona.”

“Mama!” Nyawira alikuwa analia sasa, kweli kweli. “Mama, sema kitu!”

Nilisikia njegere zikidondoka kwenye bakuli, moja moja.

Na hapo, msomaji, ndipo nilipogundua kwamba kidole changu hakikuwa tena kwenye kitufe. Kaseti ilikuwa imejiendea yenyewe. Beberu ameshachinjwa, Mjomba ameshaokota nyama yake, nyimbo zinaelekea kuisha, na mpiga picha alikuwa ameugeuzia mgongo umati, akielekeza kamera langoni kwa mara ya mwisho.

Lango lilifunguka tena.

“Ngojeni,” nilisema. “Ngojeni! Kuna mtu anaingia. Mwanamume. Ana matope kuanzia kichwani hadi miguuni, hata uso hauonekani. Amebeba mbuzi mabegani. Mbuzi wa nne! Anatembea mpaka kwa wazee. Anapiga magoti. Anko, wazee wanasimama! Wanampokea!”

Mjomba alidondosha kofia. “Wamempokea? Kama wamempokea mezani, huyo ndiye mwenyewe. Huyo anamshinda Masila.”

“Ni mimi!” Baba alipiga kelele kwenye simu, na nilimsikia akipiga meza kwa furaha. “Si niliwaambia? Nilitembea usiku kucha! Waambie, Syokau! Huyo ni mimi!”

Nyawira akacheka katikati ya machozi. Parsaoti akainua birika. Hata bibi, asiyejua neno moja la Kiswahili, alipiga makofi.

Kisha njegere zikaacha kudondoka.

“Ndung'u,” alisema Mama, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu, “keti chini. Wewe ulifika Jumapili.”